Kabla Jino Halijang'olewa, Omba Picha

Mwaka juzi, hapa Arua, niling'olewa gego lisilo na kosa. Maumivu yalikuwa kulia, chini. Nikaonyesha kwa kidole, nikachomwa ganzi, likatoka. Kidonda kikapona, maumivu yakabaki palepale. Picha ya eksirei haikupigwa, na mimi sikujua kwamba naweza kuiomba.

Nikapanda basi la usiku kwenda Kampala. Daktari wa huko, binti mdogo kwa umri, hakugusa koleo. "Mzee, tupige picha kwanza." Akanivika aproni nzito ya madini ya risasi, akaniwekea mdomoni kibati chembamba chenye waya, akatoka nje ya mlango. Mashine ikalia mara moja tu, picha ikawa kwenye kompyuta. Akavuta kiti changu karibu ili tutazame pamoja.

Eksirei ni kivuli. Kitu kigumu huzuia mionzi, hutokea cheupe. Kilicho laini au kitupu huipitisha, hutokea cheusi. Ganda la nje la jino ni jeupe sana, na jino lililozibwa kwa madini hung'aa kulishinda. Chini ya ganda ni kijivu, na katikati kuna mfereji mweusi unaopita mshipa wa fahamu. Jino likioza hupoteza madini yake, ndiyo maana uozo ni doa jeusi mahali palipotakiwa kuwa peupe. Mfupa uliolika kwa jipu huwa mweusi pia.

Basi nikaona duara jeusi kwenye ncha ya mzizi wa jino la chini, lile la mbele ya pengo langu. Nikasema, "Ndilo hilo daktari, ling'oe!" Akakataa. Akanieleza kuwa taya la chini lina tundu la kuzaliwa nalo, kila upande, karibu na meno yanayotangulia magego. Hapo hutokea mshipa unaoleta hisia kwenye kidevu na mdomo. Akasogeza mashine pembeni kidogo, akapiga tena. Duara likahama, likaachana na mzizi. Lingekuwa jipu lingebaki limeshikamana na ncha. Akaligusa jino kwa kitu cha baridi, nikashtuka. Lilikuwa hai.

Picha zile mbili zilikuwa za mzizi: zinaonyesha jino zima mpaka mfupa unaolizunguka. Ya tatu ilikuwa ya kung'ata, inayoonyesha vichwa vya meno ya juu na ya chini kwa pamoja. Hapo mhalifu akaonekana, jino la juu, limeoza ubavuni lilipobanana na mwenzake, mahali ambapo kioo cha daktari hakifiki. Kumbe maumivu ya jino la juu yanaweza kusikika taya la chini, upande uleule. Akasafisha mzizi, akaziba.

Kuna picha nyingine kubwa, mashine inazunguka kichwa na kuonyesha mataya yote mawili. Hiyo inafaa kwa magego ya mwisho yaliyolala ndani ya mfupa, au taya lililovunjika kwa ajali ya boda. Kwa doa dogo la uozo, ile ya kung'ata huonyesha wazi zaidi.

Wengi huniuliza kuhusu mionzi. Picha moja ndogo ya jino, kwa vifaa vya sasa, kwa kawaida haizidi mionzi tunayopata kwa siku moja hivi kutoka ardhini na angani. Hata hivyo isipigwe bila sababu, na mama mjamzito amwambie daktari kabla ya kukaa kitini. Mashine hizi hapa Uganda husimamiwa na Baraza la Nishati ya Atomiki, chini ya sheria ya 2008, kwa hiyo una haki ya kuulizia leseni.

Na usiondoke bila nakala. Zangu tatu ziko kwenye simu. Juzi shemeji alikuja ameshika shavu. Nikamfungulia ile ya duara jeusi, nikamwambia, ukifika kwa daktari mwombe mtazame pamoja, na mahali penye weusi muulize: hili ni tundu, au ni jipu?