Timu Ikiwa Mkiani: Namna ya Kwenda Uwanjani na Kuisaidia

Kabla hujatafuta jezi, tafuta kalamu. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18 na kila moja hucheza mechi 34. Mbili za mwisho hushuka daraja moja kwa moja, na ile ya 16 huingia mchujo na timu iliyomaliza ya tatu katika Supa Ligi ya Taifa, yaani ligi ya daraja la pili. Mshabiki wa timu inayoyumba akiijua hesabu hii vizuri, haendi uwanjani kulia kila Jumapili.

Tuseme timu yako imecheza mechi 22 na ina pointi 20. Zimebaki mechi 12, yaani pointi 36 za kugombaniwa. Lengo tunalopendekeza ni pointi 38, kwa hiyo mnahitaji 18 zaidi: kushinda mara tano, kutoka sare mara tatu, na bado mna nafasi ya kupoteza mara nne. Chukua ratiba uzigawe mechi hizo. Kama sita ni za nyumbani, ushindi wa mara nne utoke hapo. Zile nne za kupoteza zipangie ugenini, kwa timu zinazogombea ubingwa. Ukishafanya hivyo, kufungwa 2-0 Nairobi hakutakuvunja moyo kwa sababu kulikuwa tayari kwenye hesabu yako, na utaona waziwazi ni mechi ipi ya kufa na kupona. Mara nyingi ni ile ya nyumbani dhidi ya timu iliyo nafasi moja au mbili juu yenu, kwa maana pointi tatu mnazochukua ninyi, wao wanazikosa. Kama mfuko wako unaruhusu mechi moja tu kwa mwezi, nenda hiyo. Mechi ya Gor Mahia au AFC Leopards itajaa hata usipokuwepo.

Lipa langoni. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumeona huku kwetu magharibi mwa Kenya timu zinavyokufa. Nyingi za ukanda huu zilisimama juu ya viwanda vya sukari: Mumias, Chemelil, Nzoia, SoNy. Kiwanda kikiyumba, mishahara ya wachezaji ndiyo huwa ya kwanza kuchelewa. SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 2006. Mwaka wa 2019 iliondolewa ligini kwa kushindwa kufika katika mechi tatu. Shabana ya Kisii nayo ilishuka mwaka ule ule wa 2006 na kukaa nje ya Ligi Kuu hadi 2023, lakini ilirudi, kwa kuwa watu wake hawakuitupa. Timu ya jamii haina kiwanda nyuma yake. Ina lango. Watu 20 wakimpenyezea mlinzi shilingi 50 kila mmoja badala ya kukata tiketi ya 200, klabu imepoteza shilingi 4,000 siku hiyo, na hiyo ni pesa ya chakula cha wachezaji kadhaa kabla ya safari.

Ukilipia tiketi kwa simu, namba ya malipo itoe kwenye ukurasa rasmi wa klabu, usiichukue kwenye kundi la WhatsApp alikoituma mtu usiyemjua. Matapeli hupenda wiki ya mechi kubwa. Ujumbe wa tiketi upige picha ya skrini ukiwa bado nyumbani, maana langoni watu ni wengi na intaneti hukwama.

Mechi ikianza saa tisa, uwe umekaa kufikia saa nane na robo. Sababu ya kwanza ni usalama. Oktoba 2010 watu saba walifariki katika msongamano kwenye uwanja wa Nyayo siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Hatari ya langoni huwa kubwa pale filimbi inapokaribia na wengi bado wako nje. Wa nyuma wanasukuma bila kujua kwamba wa mbele wamebanwa kwenye chuma. Ukikuta hali hiyo, toka kando uache dakika kumi za mwanzo zikupite. Ukiwa na mtoto, mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, na mkae karibu na njia ya kutokea, mbali na ngoma.

Sababu ya pili ya kuwahi ni mazoezi ya kupasha misuli moto, ambayo huanza kama dakika 45 kabla ya mechi. Tazama nani anafunga bandeji pajani, na kipa anapiga mipira mirefu kwa mguu upi. Tazama pia kama mabeki wanne wa kuanza wanapasiana wao kwa wao au wametawanyika. Safu ya nyuma iliyobadilishwa jana kwa sababu ya majeraha na kadi haiwezi kuwa na maelewano leo, na ukilijua hilo mapema hutamlaani kijana wa miaka 19 dakika ya tisa.

Kuhusu mahali pa kukaa: jua la alasiri liko magharibi, kwa hiyo anayekaa upande wa mashariki hulitazama usoni mechi nzima. Kaa upande wa magharibi likupige mgongoni. Ukitaka kubishana na refa kuhusu kuotea, kaa usawa wa boksi la yadi 18, kwa sababu kuotea hupimwa pale mpira unapopigwa na wala si unapopokelewa, na aliyekaa nyuma ya lango hawezi kuuona mstari huo. Nyuma ya lango ni mahali pa nyimbo. Kaa huko kama umekuja kuimba.

Mvua nayo ina ratiba yake. Kisumu, Kakamega na Kisii mara nyingi hunyesha alasiri, hasa Aprili na Mei, miezi ambayo ligi inaelekea ukingoni na timu za mkiani zinapigania uhai. Mwavuli huwaziba walio nyuma yako, na langoni wanaweza kukuzuia nao. Beba koti la mvua la kukunjwa. Refa akisimamisha mchezo, usikimbilie steji, kwa sababu mchezo unaweza kurudi wewe ukiwa tayari kwenye matatu.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo mashabiki wengi huimaliza timu yao bila kujua.

Timu iliyopoteza mfululizo huuogopa mpira. Beki wa kati anapokea pasi kutoka kwa kipa, na jukwaa zima linapaza sauti: "Toa! Toa!" Anatoa. Anaupiga mbele kwa nguvu, mpira unavuka safu yote ya kiungo, unatua kwenye kichwa cha beki wao, na sekunde chache baadaye uko tena kwenye boksi lenu. Kila mpira wa namna hiyo unamlazimisha kiungo mkabaji kukimbia mita 30 kwenda mbele na 30 kurudi bila kuugusa. Kufikia dakika ya 70 miguu imekwisha. Goli la pili linapitia pale pale alipostahili kuwa amesimama, na jukwaa linasema beki hana akili. Beki aliwatii ninyi.

Mpira ukiwa kwa mabeki wenu, nyamazeni. Pasi ya tatu ikifika salama, pigeni makofi. Kelele kubwa ziwekeni mahali zinapouma: mpinzani anapojaribu kutoka na mpira kwenye eneo lake, kona yenu, mpira wa kurusha karibu na boksi lao. Na kuna moja husahaulika kila mara. Winga wenu akipoteza mpira kisha akakimbia kurudi kumsaidia beki wa pembeni, huyo apigiwe makofi kuliko aliyepaisha shuti juu ya mwamba. Timu zinazoshuka daraja hufungwa sana kupitia pembeni, kwa sababu winga hukata tamaa na beki wake hubaki peke yake mbele ya watu wawili. Makofi ya jukwaa humrudisha winga kuliko kelele za kocha, ambazo pengine hazisikii.

Isipokuwa uwanja umejaa maji. Mpira wa chini unapokwama kwenye dimbwi mbele ya lango, pasi fupi ni hatari, na hapo "toa" ni ushauri mzuri kabisa.

Dakika tano baada ya kufungwa ndizo kazi halisi ya mshabiki. Wachezaji huinamisha vichwa na kuanza kulaumiana kwa mikono, na timu pinzani inajua hivyo, kwa hiyo husogea mbele kutafuta la pili. Uwanja ukinyamaza wakati huo, goli jingine liko njiani. Ngoma inapaswa kulia kabla refa hajapuliza kuanzisha tena. Hili halitokei lenyewe. Lazima mtu mmoja awe amepewa jukumu hilo kabla ya mechi, na awe mtu mtulivu, asiyegeuka kumtukana kocha mpira ukiingia wavuni.

Kwa wanaotumia isukuti, ngoma za jadi za Waluhya, ngoma huwa tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Wekeni wapigaji wa seti mbili wapokezane kila baada ya dakika 15, la sivyo mikono itakuwa imekufa ganzi kufikia dakika ya 75, wakati timu inawahitaji zaidi. Ngozi ikilowa hulegea na sauti inakuwa butu. Beba turubai dogo la kuifunika, na ikishalowa iondoe kwenye unyevu, uikaushe polepole, kwa sababu ukiisogeza karibu sana na moto hupasuka. Nyimbo nazo zipangwe. Wimbo mrefu wenye beti nyingi ni wa kabla ya mechi na wa mapumziko. Mechi ikiendelea, tumieni mwitikio mfupi ambao hata aliyekuja mara ya kwanza anaudaka.

Kuhusu kuzomea, msimamo wetu ni huu: asizomewe mchezaji wenu mpira ukiwa unachezwa. Kocha anaruhusiwa kubadilisha wachezaji watano katika nafasi tatu za kusimamisha mchezo, mbali na mapumziko. Akishatumia nafasi mbili kabla ya dakika ya 60, amebakiwa na moja tu, na ndiyo maana wakati mwingine mnaona mchezaji aliyechoka anaachwa uwanjani. Kocha anaogopa jeraha la dakika ya 85. Mkijua hivyo, hamtapoteza nguvu kuimba jina la mtu aliye benchi.

Safari za ugenini zinahitaji ukali wa pesa. Mkikodi matatu ya abiria 14, kusanyeni nauli ya kwenda na kurudi siku mbili kabla. Mkiacha ya kurudi ikusanywe baada ya mechi, na mkafungwa, watu watatu watapotea sokoni na waliobaki watabeba mzigo wao. Kubalianeni na dereva kwa maandishi mafupi ya simu: saa ya kuondoka, nani analipa mafuta, na atasubiri hadi saa ngapi. Nauli yako ya dharura iache kwenye simu, pesa taslimu ziwe kidogo na zikae mfuko wa mbele. Kula kabla ya kuingia. Mahindi choma na mayai ya kuchemsha nje ya lango ni nafuu kuliko chochote utakachouziwa ndani.

Na usiweke dau kwenye mechi ya timu yako. Ukiweka kwamba itashinda, kila kosa la beki linakuwa deni lako, na hasira yako haihusu mpira tena. Ukiweka kwamba itafungwa, huna kazi jukwaani.

Mechi ikiisha vibaya, keti dakika 15. Njia za kutokea ni nyembamba, na wanaotoka wa kwanza ndio wenye hasira zaidi. Usiingie uwanjani hata kama refa amekosea. Klabu ndiyo hupigwa faini, au huamriwa kucheza bila mashabiki, na timu ya mkiani ikipoteza pesa za lango mechi mbili inaweza kukosa nauli ya mechi ya tatu. Vua jezi kama utapita steji ya wenyeji mko ugenini. Simu iache mfukoni hadi kesho yake, kwa sababu maneno unayomwandikia mchezaji Jumapili usiku yanasomwa pia na mama yake.

Mkutano wa tawi la mashabiki ufanyeni katikati ya wiki, Jumatano hivi, hasira zikiwa zimeshuka. Ajenda ziwe chache: tiketi ngapi zimenunuliwa, nani anaongoza sauti, gari liko wapi. Mkiona fedha hazitoshi watu wote kusafiri, nauli za wapiga ngoma na kiongozi wa nyimbo zilipwe kwanza, wengine wafuate kwa kadiri ya mchango.