Eraserheads ni wakali kweli au ni kumbukumbu za ujana tu?

Mkuu umeuliza kama Eraserheads, ile bendi ya roki ya Ufilipino, wanastahili sifa wanazomwagiwa na Wafilipino, au watu wanakumbuka ujana wao tu. Mimi nimefanya kazi na Wafilipino jikoni, hotelini Doha, tukalala chumba kimoja, na siku ya mapumziko ilikuwa karaoke, upende usipende. Jibu langu: wanastahili, ila si kwa upigaji wa vyombo.

Kwa magitaa hawatakutoa jasho, na sauti ya mwimbaji wao, Ely Buendia, ni ya kawaida. Nguvu yao ni maneno. Walianza 1989 wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufilipino, Diliman: Ely, Raimund Marasigan kwenye drams, Buddy Zabala besi, Marcus Adoro gitaa. Albamu ya kwanza, Ultraelectromagneticpop!, ilitoka 1993, na humo kuna wimbo Pare Ko, jamaa anamlalamikia mshikaji wake kuhusu demu anayemzungusha. Kitagalogi, lugha ya kwao, cha kijiweni, na matusi juu. Redioni ilibidi yafutwe.

Sasa chukua wimbo Ang Huling El Bimbo, wa albamu ya Cutterpillow (1995). Mwenzangu wa kuosha vyombo alinitafsiria mstari kwa mstari. Mvulana anampenda binti aliyemfundisha kucheza dansi ya El Bimbo, mzuri kama Paraluman, nyota wa sinema za zamani huko kwao. Wanapotezana. Baadaye mvulana anasikia kwamba binti ana mtoto, hana mume, anaosha vyombo Ermita, Manila. Kisha usiku mmoja binti anagongwa na gari kwenye kichochoro chenye giza. Na hayo yote yako kwenye wimbo ambao watu wanaimba wakiwa wameshikana mabega! Video yake ilichukua tuzo ya watazamaji wa Asia kwenye MTV Video Music Awards, New York, 1997.

Kelele hazikukosa. Wimbo wao Alapaap ulimkera Seneta Tito Sotto, akadai unasifia dawa za kulevya. Bendi ikajibu kwamba unazungumzia uhuru. Sotto naye ni mchekeshaji wa televisheni aliyewahi kutunga nyimbo, hapo ndipo ninapocheka.

2002 Ely akajitoa, ikawa basi. Yeye akaenda bendi ya Pupil, Raimund akabaki na bendi ya Sandwich. Onyesho la kuwakutanisha tena, Agosti 2008, lilikuwa mikosi mitupu: mdhamini alikuwa kampuni ya sigara, ikabidi ajitoe, mama yake Ely akafariki siku chache kabla, Ely akapanda jukwaani hivyohivyo, na mapumzikoni akakimbizwa hospitali. Wakamalizia Machi 2009. Halafu 2021 Ely akaandika mtandaoni kwamba watarudi endapo mwanasiasa Leni Robredo atagombea urais. Robredo akagombea, akashindwa, ila Desemba 2022 wale wanne walisimama tena jukwaani. Wenzangu wa zamani walijaza kundi letu la WhatsApp klipu hadi simu ikagoma.

Kwa mpangilio wa kusikiliza albamu: anza na Cutterpillow, fuata Circus ya 1994. Carbon Stereoxide (2001) ni nzito na ina giza, usiikimbilie, ingawa mimi naipenda kuliko wengi wanavyokubali. Fruitcake (1996) ni ya Krismasi, tena kwa Kiingereza. Unaweza kuisubiri Desemba, ila Wafilipino Krismasi yao wanaianza Septemba.