Hesabu ya siku: kwa wakili anayeanza kazi Arusha au Moshi

Wakili msomi uliyeapishwa juzi, mashauri mengi huanguka kabla hayajasikilizwa. Mteja ana haki, ana mashahidi, ana hati zake kwenye bahasha ya kaki. Upande wa pili unasimama na pingamizi la awali, na shauri linatupwa kwa siku tatu tu zilizozidi. Kwa hiyo mteja anapokuletea faili, kabla hujapima nani mwenye haki, uliza uamuzi ulitoka lini. Usiridhike na jibu la mdomo. Soma tarehe kwenye hukumu yenyewe.

Muda hutegemea mlango ambao shauri liliingilia. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 tena. Shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Wilaya lina siku 90 kufika Mahakama Kuu, na la Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina siku 45. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine ya kazi yana siku 60, na tuzo ya Tume, yaani uamuzi wake, inaombewa mapitio Mahakama Kuu ndani ya wiki 6. Kosa la kawaida ni kuchukua muda wa mlango mmoja na kuupeleka kwenye mwingine, hasa zile 90 na 45.

Rufaa ya Mahakama ya Rufani ndiyo inayowaumiza wengi, maana ina saa kadhaa zinazokimbia kwa pamoja. Tuseme Mahakama Kuu imetoa hukumu tarehe 3 Machi. Siku ya hukumu haihesabiwi. Taarifa ya rufaa, yaani hati fupi ya kusema unakusudia kukata rufaa, ina siku 30: lazima iwe imewasilishwa kufikia tarehe 2 Aprili, na mjibu rufaa apatiwe nakala ndani ya siku 14 tangu uiwasilishe. Rufaa yenyewe ina siku 60 kuanzia siku ya taarifa hiyo. Mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yote yaliyosemwa mahakamani, mara nyingi huchelewa kutoka, kwa hiyo unaandika barua kwa Msajili kuomba nakala, nayo iwe imeandikwa ndani ya siku 30 za hukumu. Nakala ya barua hiyo mpe mjibu rufaa, asaini kuipokea. Hapa ndipo watu wanapozembea. Bila uthibitisho kwamba mwenzako aliipata, huwezi kutegemea hati ya ucheleweshaji, ile inayotoa siku za kuandaa nakala kwenye hesabu ya siku 60, hata kama Msajili ameitoa kwa moyo mweupe.

Tangu marekebisho ya kanuni ya 2019, kukaa na kusubiri kuitwa hakutoshi tena. Msajili ana siku 90 za kuandaa nakala tangu ulipoomba. Zikiisha, una siku 14 za kwenda kuzifuata. Barua ya tarehe 10 Machi inafikisha siku 90 tarehe 8 Juni, na dirisha lako linafungwa tarehe 22 Juni. Nenda masijala, na uache barua ya ufuatiliaji iliyogongwa muhuri. Hati ya ucheleweshaji ikitoka, linganisha kila tarehe iliyomo na barua zako kabla hujaondoka. Tarehe moja ikikosewa, hati nzima inaweza kukosa nguvu, na rufaa ikaonekana imechelewa.

Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda, na kipimo kilisemwa hapahapa Arusha katika shauri la Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010: eleza kipindi chote cha kuchelewa, kisiwe kirefu kupita kiasi, onyesha bidii, au onyesha sababu nyingine nzito kama uharamu ndani ya uamuzi. Kiapo kinachosema tu "mleta maombi alikuwa mgonjwa" hakitoshi. Andika alilazwa lini, akatoka lini, na siku zilizobaki zilikwenda wapi, moja baada ya nyingine. Wala usitegemee kanuni ya kutofungwa na ufundi wa kisheria iliyoletwa 2018. Katika rufaa ya Halmashauri ya Kijiji cha Mondorosi, nayo ya Arusha, Mahakama ya Rufani ilikataa kuitumia kufunika masharti ya lazima.

Kiapo chenyewe kibebe mambo ya hakika, bila maombi na bila hoja za sheria. Mahali na tarehe ya kuapa vionekane, jina la kamishna wa viapo liandikwe, na kamishna huyo asiwe wakili katika shauri hilohilo. Mteja wa Kibosho au Usa River anayejua Kiswahili tu aape kwa Kiswahili. Tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama, naye ataweza kujibu maswali juu ya maneno aliyoyaelewa.

Migogoro ya vihamba, mashamba ya ukoo, itakujia kila wiki. Tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri mpaka kata ithibitishe kuwa usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Halmashauri ikiwa inadaiwa, mambo yanabadilika kabisa: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Ukimwacha Mwanasheria Mkuu nje, mwenendo wote unabatilika.

Jambo jipya linalohitaji macho: Toleo la 2023 la sheria zilizofanyiwa urekebu lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na vifungu vingi vimehama namba. Ile hati ya maombi ya zamani unayoinakili kutoka kompyuta ya ofisi huenda inataja kifungu ambacho sasa kinasema jambo jingine. Fungua sheria yenyewe kila mara. Habari njema ni kwamba tangu Desemba 2023 huhitaji tena kibali cha kukata rufaa Mahakama ya Rufani katika mashauri ya madai; usipoteze pesa ya mteja kukiomba.

Waraka uliotumwa kwa mfumo wa kielektroniki wa mahakama kabla ya saa sita usiku huhesabiwa wa siku hiyo. Ila kumekuwa na ubishi kuhusu siku ya kulipa ada, hivyo pata namba ya malipo na ulipe siku ileile.

Na kwa kuwa mahakama mbili za kimataifa ziko mjini Arusha, wateja watauliza. Mahakama ya Afrika Mashariki inampa mtu binafsi miezi 2 tangu tendo au tangu alipolijua, na imekwisha kusema haina mamlaka ya kuiongeza. Kwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi kuishtaki huko, na tangu tarehe 22 Novemba 2020 raia hawezi kufungua shauri jipya moja kwa moja dhidi yake. Mwambie mteja hilo kabla hajalipa senti.