Bure gani hiyo?

Ndugu, unashangaa wanafunzi wa Penn State, chuo kikuu cha Marekani, walilalamika nini wakati chuo kiliwapa Napster, huduma ya muziki ya mtandaoni, bure. Haikuwa bure. Mpango ulitangazwa Novemba 2003, huduma ikaanza Januari 2004, na pesa zilitoka kwenye ada ya tehama aliyolipa kila mwanafunzi, atumie asitumie.

Halafu angalia walichopata. Wimbo unaupakua, unausikiliza kwenye kompyuta vizuri tu, lakini ukitaka kuuchoma kwenye sidii unadaiwa senti 99 za dola. Kila wimbo! Ukimaliza chuo na usajili ukakatika, mafaili yanabaki kwenye diski yako yamefungwa, hayaimbi tena. Kumbe ulikodishiwa. Mwenye kompyuta ya Mac au ya Linux ndiyo hakupata kitu kabisa, maana programu ya Napster ilikuwa ya Windows pekee. Na iPod, kile kifaa cha Apple cha kusikilizia muziki ambacho vijana walikuwa wanakitamani kuliko vyote wakati ule, haikuweza kucheza mafaili yale yenye kufuli, ya WMA, aina ya faili za muziki ya Microsoft.

Mimi ningekasirishwa zaidi na nani alikaa mezani. Rais wa chuo, Graham Spanier, alikuwa mwenyekiti mwenza wa kamati ya pamoja ya vyuo na kampuni za burudani iliyoshughulikia uharamia wa muziki, na RIAA, chama cha kampuni za kurekodi, kilikuwa kimeanza kuwashtaki wanafunzi wa vyuo vingine kwa uharamia huo Aprili 2003. Chuo kilikuwa kinajikinga, hilo naelewa, ila bili wakapelekewa wanafunzi.