Nyusi zangu zinatoka kama zimepigwa mkaa

Swali: Assalamu alaykum, bi mpambaji. Mie nipo Wete. Nyusi zangu ni haba, hasa mkiani, na unyusi wa kushoto una kovu la utotoni. Kuzinyoa sitaki, na mama hataki hata kusikia. Nimenunua penseli nyeusi, lakini kila nikijipaka zinatoka kama zimepigwa mkaa, na nikifika harusini jasho limeshazishusha. Juzi wifi yake dada aliniuliza nimegombana na nani. Nina shilingi elfu kumi tu. Nianze wapi?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Wifi mtu mwache, tushughulike na penseli.

Kosa la kwanza ni rangi. Kwa kuwa nywele zetu nyeusi, tunadhani nyusi nazo zijazwe weusi. Hebu chukua kioo usimame mlangoni penye mwanga wa jua. Utaona nywele nyeusi, na kati yake ngozi inachungulia. Mtu anayekutazama kwa mbali huviona viwili hivyo pamoja, na kwake ni kahawia iliyokoza. Ukijaza weusi mtupu umeifunika ile ngozi yote, ndiyo maana unapata mkaa. Basi tafuta kahawia iliyokoza, isiyo na wekundu ndani yake; kahawia nyekundu kwenye ngozi zetu huonekana kama hina iliyopauka. Jichoree mgongoni mwa mkono, kisha toka nje ya duka uitazame. Taa za madukani ni waongo wakubwa.

Fedha yako igawe kwa vitu viwili: penseli ngumu ya kahawia, na poda ya macho ya rangi hiyohiyo, kisahani kimoja, isiyomeremeta. Yale maseti ya rangi arubaini waachie wenyewe, utatumia rangi moja na zilizobaki zitakauka. Brashi ya kuchania usinunue: chukua ya maskara iliyokwisha, ioshe kwa sabuni mpaka maji yatoke meupe. Kikibaki kitu, ongeza brashi ndogo yenye ncha iliyokatwa mshazari. Hiyo mimi naithamini kuliko penseli yenyewe.

Sasa vipimo. Chomoa chelewa moja kwenye ufagio mpya, ioshe. Isimamishe wima ubavuni mwa pua, ipande juu: inapogusa nyusi ndipo kichwa kinapoanzia. Chini iache palepale puani, juu ilaze kidogo mpaka ipite ukingo wa nje wa duara jeusi la jicho, huku umetazama mbele: hapo ndipo pa kuinuka. Ilaze tena mpaka ipite pembe ya nje ya jicho: hapo mkia unaishia, usivuke. Weka nukta ndogo kila pahala, pande zote mbili.

Wengi huanzia kichwani, kwa sababu ndipo karibu na pua na ndipo mkono unapofika kwanza. Penseli wakati huo ina rangi tele na mkono una hamu, basi kichwa kinatoka kama kizibo. Wewe anzia mkiani. Shika penseli mwisho wake kabisa, mbali na ncha, ili hata ukitaka kukandamiza usiweze. Chora vijinywele vifupi, kimoja kimoja, kwa upande nywele zako zinakolalia, na pale tu palipo na pengo. Usizungushe mstari kisha ukajaza ndani kama mtoto anayepaka rangi picha. Ukifika kichwani usiongeze rangi tena. Pitisha brashi ya kuchania kuelekea juu, masalio yaliyo kwenye brashi yanatosha. Wala usimalize unyusi mmoja ndipo uende wa pili. Nenda huku, rudi huku.

Kwenye kovu, ngozi ni laini na poda haishiki peke yake. Tangulia na penseli, kisha gonga poda juu yake kwa brashi ya mshazari.

Hilo ndilo pia jibu la jasho. Penseli ni nta, na nta juu ya paji lenye mafuta itateleza tu, seuze wakati wa kaskazi. Futa nyusi kwa tishu kavu, gonga poda ya uso kidogo sana, ndipo uchore, na juu ya penseli umalizie na poda ya macho. Halafu kuna jambo ambalo wapambaji wa mbali hawalijui: ushungi. Funga ushungi wako kwanza, nyusi baadaye, maana upindo wake ukipita pajini unafuta kila kitu. Anayevaa nikabu ndiyo zaidi, kwa kuwa yeye nyusi na macho ndiyo uso wake wote mbele za watu.

Utaambiwa upake piko ukae wiki nzima bila tabu. Usipake. Piko ni dawa ya nywele, nyingi zina kemikali ya PPD inayoweza kumdhuru mtu ghafla, hata kama hina yake ya mkononi haikumfanya kitu. Soma maboksi ya dawa za nywele, mengi yameandikwa isitiwe kwenye nyusi wala kope. Nimewahi kuletewa bibi harusi asubuhi ya harusi yake, kope zimevimba haoni mbele. Hatukumpamba, tulimpeleka hospitali.

Penseli zisizoingia maji nazo zipishe kama sala itakukuta shughulini. Zinaacha tabaka, na utasimama bombani unasugua huku wenzako wameshatia udhu. Hizi za kawaida zinatoka kwa mafuta ya nazi kwenye pamba, kisha sabuni na maji.

Na penseli ikilainika kwa joto, itie ndani ya friji dakika kumi kabla ya kuichonga. Bila hivyo ncha itakatika, utachonga tena, itakatika tena, na penseli yote itaishia ndani ya kichongeo.