Usilipie hiyo kalamu, nunua maji yake kwanza

Usilipe! Kama bado hujatuma pesa, iache hiyo kalamu ya kupimia maji, ya "tano kwa moja", hapo ilipo. Umesema uko Bamburi, Mombasa, una tangi la matumbawe la lita 150, wataka vifaa vya dijitali vya kupima chumvi, pH (ukali wa maji), KH (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), fosfati na nitreti, ikiwezekana vitume vipimo kwenye simu, na umeona kalamu moja ya elfu nne inayojigamba kupima karibu vyote. Mimi nilikuwa wewe mwaka juzi.

Yangu ilikuwa ya chumvi tu. Jamaa aliyeniuzia, Mungu amsamehe maana mimi bado, nilimuuliza inasawazishwa vipi, yaani namba zake zinalinganishwa vipi na maji yenye kipimo kinachojulikana. Akacheka. "Ishawekwa sawa kiwandani, wewe chovya tu." Akaichovya kwenye chupa ya maji ya kunywa, ikasoma sufuri. "Waona?" Nikaona. Yakhe, kwenye maji ya chupa hata kijiti cha mishikaki kingesoma sufuri.

Miezi miwili ya mwanzo raha tupu, 35 kila Ijumaa, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, kama bahari. Kisha ikaanza: 34, 33, 32. Kila ikishuka natia chumvi, kesho yake nachovya, 35, alhamdulillahi. Sasa hebu fikiria na joto letu hili. Maji ya tangi yanakauka, chumvi haikauki. Usipojazia maji matamu, chumvi hupanda. Ukijazia, hubaki palepale. Tangi halivuji, maji sijabadilisha, hiyo chumvi ilikuwa inaenda wapi? Sikujiuliza. Namba ikishawaka taa nyuma yake mtu huona haya kuibishia.

Siku moja nikajifanya mjanja, nikapanda tuktuk hadi ufuo wa Nyali nikaihakiki. Bahari yetu ni kama 35. Kalamu ikasoma 30. Mwenye akili angeitupa hapohapo. Mimi nikasema, aa, masika haya, mvua imeizimua bahari. Wallahi nilisimama maji yako magotini nikaisuta Bahari ya Hindi kwa kalamu ya elfu nne na mia tano. Nikarudi nyumbani nikaongeza chumvi.

Wa kwanza kulegea alikuwa kiti cha pweza. Konokono wakafuata, wanadondoka kwenye kioo mmoja mmoja. Matumbawe laini yakajikunja yakagoma kufunguka, yale ya matawi yakachunika nyama kuanzia chini hadi ukabaki mfupa mweupe. Nikalaumu taa, nikanunua taa mpya. Nikalaumu chakula. Mke wangu akasema labda chumvi imezidi. Mtu apikaye wali kila siku ya Mungu, nami nikamweleza kwamba hii ni sayansi.

Rafiki yangu wa Tudor ndiye aliyekuja na refraktomita, ile ya kuchungulia kwa jicho. Akaisawazisha mbele yangu kwa maji maalumu ya 35, akadondoshea tone la tangi langu. 41! Kwenye tangi langu la lita 200 hiyo ni zaidi ya kilo nzima ya chumvi niliyoitia kwa mkono wangu. Mke wangu hakusema neno, na ingekuwa nafuu angesema.

Kalamu hizi hupitisha umeme mdogo majini na kupima unavyopita. Yangu ncha ilishika ukoko kwa sababu sikuwa naisuuza kwa maji matamu, umeme ukapita kwa shida, namba ikashuka. Hata kiputo cha hewa kikinasa pale huishusha. Na ile sufuri ya dukani haithibitishi kitu, kwa maana ukoko hauonekani kwenye sufuri, waonekana kwenye 35.

Kwa hivyo maji ya kusawazishia yanunue kwanza, kifaa baadaye. Ya chumvi yawe yameandikwa 35 ppt (sehemu 35 kwa elfu), au 53 mS/cm (kipimo cha umeme unavyopita) kwa nyuzi 25. Muuzaji akikwambia hayahitajiki, mpe mgongo. Kipakiti cha maji hayo kikishafunguliwa usikiweke wiki tatu, nacho hukauka kikazidi chumvi. Ya pH, chukua ya 7 na ya 10, kwani tangi lako litakuwa karibu na 8. Ya 4 haikusaidii. Na ncha ya pH isikauke.

Hiyo yako ya tano kwa moja, soma kikomo chake. Kalamu nyingi za TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) ni za maji ya kunywa, hazifiki hata nusu ya chumvi ya bahari. KH na fosfati hazipimwi kwa kuchovya, zataka dawa ya kubadili rangi ya maji na kikolorimita, kifaa cha kuisoma rangi hiyo. Angalia tarehe ya dawa na ufute kichupa cha maji unayopima vizuri, alama ya kidole nayo huharibu kipimo.

Ulikuwa umeuliza na nitreti, nimepitiwa. Kwanza nijibu wewe: hiyo ya elfu nne yaja na kipakiti cha 35 au haiji?