Katuma talaka kwa WhatsApp, na nyumba nayo imeondoka?

Wiki hii najibu barua tatu tu, maana ya kwanza imenikaa rohoni na haijibiki kwa mistari miwili.

SWALI: Nina watoto watatu, ndoa yetu ni ya Kiislamu na ina miaka 14. Mwezi uliopita mume wangu kaniandikia talaka WhatsApp, alafu shemeji kaja kuniambia nitoke ndani kwa sababu hati ya nyumba ina jina la kaka yake na mimi sijawahi kuajiriwa popote. Nina haki yoyote? (Mama wa watatu, Morogoro)

JIBU: Pole sana dada yangu. Kwanza kabisa usitoke. Kama unapigwa au unatishiwa hapo sawa, okoa maisha yako na watoto, nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, lakini kutoka tu kwa sababu shemeji kasema, hapana, shemeji sio mahakama.

Sasa hiyo talaka. Kidini hayo ni ya masheikh, ila kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndoa yenu haijavunjwa bado. Sheria inataka mgogoro upelekwe kwanza baraza la usuluhishi, iwe la kata au la dini yenu kama la BAKWATA, mkishindikana baraza linatoa cheti kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ndo mtu anaenda mahakamani na kile cheti. Kinatakiwa kiwe hakijapita miezi sita toka kitolewe, na hapa watu wengi sana wanakwama, anakiweka kabatini mwaka mzima akisubiri hasira zipoe alafu shauri linatupwa. Kwa ndoa ya Kiislamu baraza likishashindwa na talaka ikatolewa baada ya hapo, mahakama inakubali kwamba ndoa imevunjika. Mumeo kaanzia mwisho. Na wewe usimsubiri, mke naye anaweza kufungua shauri, hata Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka hayo.

Nyumba sasa, maana najua hapo ndo usingizi unakata. Jina kwenye hati halimalizi mjadala. Kifungu cha 114 cha hiyo Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali mliyochuma kwa jitihada za pamoja, na inaangalia mchango wa kila mmoja, wa hela, wa mali au wa kazi. Miaka ya nyuma wanawake waliambiwa kupika na kulea sio mchango, mpaka mwaka 1983 Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Ila niwe mkweli kwako, Bi Hawa mwenyewe hakupata, kwa sababu mahakama iliona hela alizopewa na mumewe kwa maendeleo ya familia alizitumia hovyo. Kwahiyo usiende ukidhani nusu kwa nusu ni lazima, nenda na ushahidi.

Na ushahidi unao, hujui tu kama ni ushahidi. Nani aliwapikia mafundi wakati wa kujenga? Yule fundi aliyekula ugali wako mchana wakati anapandisha kozi za tofali, huyo ni shahidi. Daftari la kikoba lenye ule mkopo uliokatwa mwezi ule ule mlionunua bati, risiti za saruji zilizofifia ndani ya mfuko, meseji anayokwambia "simamia mafundi nipo safari", toa kopi vyote na upeleke kwa mtu unayemwamini nje ya hiyo nyumba. Leo, sio kesho.

Alafu kifungu cha 59 cha sheria hiyo hiyo kinamkataza mwenye ndoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba ina hati, kaweke zuio (taarifa rasmi kwamba una haki kwenye hiyo nyumba) kwa Msajili wa Hati kabla mteja hajaletwa. Hela ya wakili kama huna, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ulizia wasaidizi wa kisheria hapo wilayani kwenu.

SWALI: Tumeachana, mtoto ana miaka mitano yuko kwa mama yake, nikienda nanyimwa kumuona. Naweza kusitisha hela ya matumizi? (Baba mdogo, Mwanza)

JIBU: Hapana kaka, usifanye hivyo. Hela ni ya mtoto, na ukisitisha unampa mwenzio silaha. Chini ya miaka saba sheria inaanza na dhana kwamba ni vizuri mtoto akae na mama, ingawa inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kumuona mtoto ni ombi linalojitegemea, anzia ustawi wa jamii, ikishindikana mahakamani. Hela ya mtoto tuma kwa simu, tunza miamala.

SWALI: Nilikuwa abiria wa bodaboda, gari ndogo ikatugonga kwa nyuma, nimevunjika mguu. Mwenye gari ananipa laki nne nisaini yaishe. (Kijana wa Tegeta)

JIBU: Usisaini mdogo wangu! Mguu bado uko kwenye POP (plasta ngumu), hujui kama utawekewa chuma au utachechemea, na hiyo karatasi ikiandikwa huna madai tena itakufunga kweli kweli. Kila gari linatakiwa liwe na bima inayolipa watu wengine wakiumia, chukua namba ya gari uhakiki kwenye TIRAMIS, mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki bima, kampuni ya bima ni ipi. Hakikisha una PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), ripoti ya polisi, ramani ya ajali, picha za X-ray na kila risiti mpaka ya magongo. Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3 toka siku ya ajali. Na kama ulikuwa umetumwa na mwajiri, kuna fidia ya WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hiyo yake ni miezi 12, kwahiyo mwambie bosi kwa maandishi wiki hii hii.